Safu ya Lugha Gazetini: Namna ya Kuiandika na Kuidumisha

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza namna mtaalamu wa isimu anavyoweza kuandika safu ya lugha katika gazeti na kuidumisha kwa muda mrefu bila kuiacha ipooze au ipotoke. Kwa "safu ya lugha" tuna maana ya maandishi mafupi yanayotokea mahali pale pale gazetini kwa vipindi maalumu, yenye mwandishi anayejulikana, na yanayoshughulikia suala moja la lugha kila yanapotoka. Hoja yetu ya msingi ni kwamba safu ya namna hii haiishi kwa wingi wa maarifa ya mwandishi wake. Huishi kwa mambo matatu: akiba ya data, nidhamu ya kuandika, na uaminifu katika kujisahihisha. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika zaidi, na likisahaulika madhara yake huwafikia watu ambao mwandishi hatawaona kamwe.

Mazungumzo baina ya mwandishi na wasomaji si jambo geni katika uandishi wa Kiswahili. Msimulizi lilianza kutolewa Zanzibar mwaka 1888. Mambo Leo likaanza Dar es Salaam mwaka 1923. Na Kwetu, lililoasisiwa na Erica Fiah, likafuata mwaka 1937. Wasomaji wa Mambo Leo hawakuwa wapokeaji tu: walituma barua na mashairi, wakaulizana na kujibizana. Kwa hiyo, mwanaisimu anayeshika kalamu leo kuandikia umma anaingia katika baraza lililokwisha kukaliwa. Inampasa abishe hodi.

2.0 Maandalizi

2.1 Kumjua msomaji

Kosa la kwanza la wasomi wengi ni kuwaandikia wasomi wenzao wakidhani wanauandikia umma. Dalili zake ni istilahi zisizoelezwa na marejeo yasiyo na kazi. Tunashauri mwandishi achague msomaji mmoja wa kufikirika: mwalimu wa shule ya msingi, karani wa mahakama, au mtangazaji wa redio. Kila aya ipimwe kwa swali moja: je, mtu huyu atakuwa na la kufanya na maelezo haya kesho asubuhi? Istilahi haikatazwi, lakini mifano itangulie. Msomaji aliyekwisha kuona *kitabu*, *vitabu*, *kiti* na *viti* hana taabu ya kuelewa neno "ngeli" linapotajwa baadaye.

2.2 Kuweka akiba

Safu nyingi hufa mapema, na sababu yake si siri. Mwandishi huanza na mambo manne au matano yaliyomkera kwa miaka mingi. Yakiisha, naye ameishiwa. Tunapendekeza kwamba, kabla ya andiko la kwanza kuchapishwa, maandiko yasiyopungua manane yawe yamekamilika, na mada nyingine ishirini ziwe zimeorodheshwa.

Chanzo cha mada ni daftari la usikivu. Kila ingizo liwe na sentensi nzima kama ilivyosemwa, tarehe, mahali, umri wa kukadiria wa msemaji, na muktadha. Neno lililoandikwa peke yake, bila sentensi yake, halitafaa kitu baada ya miezi sita. Aidha, mwandishi aandike pia matumizi asiyoyapenda, na yale yanayomtoka yeye mwenyewe bila kukusudia. Umuhimu wa agizo hili la mwisho utadhihirika katika sehemu ya 4.0.

3.0 Uandishi wa andiko moja

Andiko la safu lenye maneno mia tano au mia sita lina nafasi ya swali moja tu. Tutazame mfano. Mada "Upatanisho wa kisarufi katika Kiswahili" inatosha kitabu kizima, na kwa hiyo haifai. Mada inayofaa ni hii: kwa nini tunasema *rafiki yangu* lakini *daktari wangu*? Data zake ni chache na kila msomaji anazo:

(1) a. Rafiki yangu amefika.
    b. Rafiki mzuri amefika.
    c. Daktari wangu amefika.
    d. Adui yangu amefika.

Msomaji ataona mwenyewe kwamba katika (1a) kitenzi kinafuata upatanisho wa viumbe hai (*a-*), ilhali kimilikishi kinafuata umbo la nomino (*yangu*). Katika (1b) kivumishi kimefuata viumbe hai. Hapo huzuka maelezo ya haraka kwamba *yangu* hutumika kwa watu tuwapendao. Mfano (1d) unayavunja maelezo hayo. Kinachoziunganisha *rafiki*, *ndugu*, *jirani* na *adui* si mapenzi, bali ni kwamba kila moja inataja uhusiano wa mtu na mtu. Daktari ni daktari hata akiwa peke yake, lakini hakuna adui asiye adui wa mtu.

Mpangilio huu unaweza kufuatwa katika maandiko mengi: anza na sentensi iliyosikika, uliza swali, toa data, jaribu maelezo yanayoelekea kuwa sahihi, yapime kwa mfano unaoyakataa, kisha toa maelezo bora zaidi. Mwisho, acha mlango wazi. Katika mfano wetu, msomaji aachiwe swali kwa nini wasemaji wengi husema *mbuzi wangu* kwa mmoja na *mbuzi zangu* kwa wengi. Barua zitakazokuja ndizo mada ya wiki ijayo.

4.0 Suala la kosa

Umma unaposoma safu ya lugha, hutarajia hukumu: lipi sahihi, lipi kosa. Mwandishi naye huvutwa kutoa hukumu hiyo, kwa kuwa ni rahisi na inapendwa. Mwandishi wa makala hii aliwahi kuwa na safu ya kila wiki, na katika moja ya maandiko yake alitangaza kwamba *masaa* ni kosa, kwa hoja kwamba *saa* ni nomino isiyobadilika katika wingi. Lilikuwa andiko fupi, lenye uhakika mkubwa, na lilisifiwa.

Baada ya muda ikaja barua ya mwalimu wa shule ya msingi. Alieleza kwamba tangu alisome andiko lile alikuwa akilikata neno *masaa* kwa wino mwekundu katika madaftari ya wanafunzi wake na kuwapunguzia alama. Sasa mtoto mmoja alikuwa ameuliza swali ambalo mwalimu alishindwa kulijibu. Swali lenyewe lilihusu sentensi za aina hii:

(2) a. Tulizungumza saa mbili.
    b. Tulizungumza masaa mawili.

Sentensi (2a) ina utata: yaweza kuwa na maana kwamba mazungumzo yalifanyika ilipogonga saa mbili, au kwamba yalichukua muda huo. Sentensi (2b) haina utata. Inataja muda tu. Mtoto yule alikuwa ameiona tofauti ya kimaana ambayo mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu aliipuuza. Zaidi ya hayo, kiambishi *ma-* kinajitokeza katika wingi wa nomino nyingine za mkopo, kama vile *marafiki* na *madaktari*, na hakuna anayezitilia shaka. Tulipolirudia daftari letu la usikivu tulikuta *masaa* imeandikwa mara kadhaa, kutoka kwa wasemaji mahiri, na mara moja kutoka kinywani mwetu wenyewe.

Masahihisho yalichapishwa wiki tano baadaye. Hapakuwa na sababu ya kuchelewa isipokuwa haya. Mwalimu aliandika tena kushukuru, akaongeza kwamba darasa lile lilikwisha kupanda, na kwamba alama zilizokatwa zilikwisha kujumlishwa.

Kutokana na tajriba hiyo, tunapendekeza kwamba kabla ya kulitumia neno "kosa" mwandishi atenge mambo manne: (i) umbo ambalo hakuna mzawa wa lugha anayelikubali, (ii) umbo la lahaja fulani, (iii) umbo lililo katika mabadiliko, na (iv) umbo linalokubalika katika mazungumzo lakini linaloepukwa katika maandishi rasmi. Ni la kwanza tu linalostahili kuitwa kosa bila maelezo. Katika haya mengine matatu, msomaji aelezwe nani hulitumia, wapi, na kwa maana gani, kisha ashauriwe kulingana na mahitaji yake. *Masaa*, kwa mfano, laweza kuwekwa katika kundi la tatu au la nne. La kwanza haliwezi.

5.0 Kuidumisha safu

5.1 Barua za wasomaji

Ujumbe wa wasomaji, uwe kwa barua au kwa simu, ni data kabla ya kuwa sifa au lawama. Kila unaowasili uandikiwe tarehe na uwekwe katika jalada kwa mada. Msomaji anayepinga aulizwe kwa adabu alikokulia na lugha alizoanza nazo, kwani upinzani mwingi ni ushahidi wa lahaja. Asitajwe kwa jina gazetini bila idhini yake.

5.2 Ratiba na faharasa

Siku moja ya wiki itengwe kwa kuandika na nyingine kwa kuhariri. Andiko lisipelekwe siku lilipoandikwa. Akiba isishuke chini ya maandiko manne. Iwapo akiba imekwisha, ni afadhali kumwomba mhariri mapumziko yanayotangazwa kuliko kujaza nafasi kwa maneno matupu. Faharasa ya maneno yote yaliyojadiliwa ianze kutunzwa tangu andiko la kwanza, vinginevyo mwandishi atajirudia, au atajipinga bila kujua.

5.3 Masahihisho

Masahihisho yawekwe mahali pale pale kosa lilipotokea, kwa ukubwa ule ule wa herufi, katika toleo la karibu iwezekanavyo. Yataje kosa waziwazi, yatoe umbo sahihi, na yaeleze sababu ya kukosea.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba safu ya lugha ni kazi ya kitaalamu yenye mbinu zake, ijapokuwa mara nyingi haimpandishi cheo anayeiandika. Wanafunzi wa uzamili wanaosita kuifanya kazi hiyo wakihofia kushusha hadhi ya taaluma watafakari upande wa pili. Makala ya jarida husomwa na wachache wanaoweza kuipinga. Safu ya gazeti husomwa na wengi wanaoiamini, na baadhi yao wameshika kalamu yenye wino mwekundu. Kwa sababu hiyo, uangalifu unaotakiwa katika safu si mdogo kuliko ule wa jaridani. Ni mkubwa zaidi.