Umeambiwa utembee? Nenda ukatazame ndege Mokowe

HUENDA daktari amekushauri utembee kila siku ili uteremshe shinikizo la damu. Ukaanza Jumatatu, na kufikia Alhamisi umechoshwa na njia ile ile. Ikiwa unaishi Mokowe, basi subiri maji yakupwe, kisha elekea ufuoni ukatazame ndege.

Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, jua linapotuchoma huku kwetu, Siberia na Ulaya ya kaskazini ardhi huwa imeganda. Ndege anayetafuta chakula kwa kuchomeka mdomo matopeni hawezi kutoboa barafu, na baridi nayo humlazimu ale zaidi ili mwili upate joto. Asipohama, njaa itamuua. Ndiyo sababu utawakuta sululu, wenye midomo mirefu iliyopinda, pamoja na makundi ya vitwitwi, wakichokoa minyoo na kaa wadogo kandokando ya mikoko.

Safari zao si mchezo. Mwaka 2022, ndege mmoja wa ukoo wa sululu, mwenye umri wa miezi mitano hivi, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, kwa siku 11 bila kutua. Alikuwa na kifaa cha setilaiti mgongoni, la sivyo nani angeamini?

Na wewe je, utafaidika vipi? Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Anayetafuta ndege huzimaliza bila kutazama saa. Isitoshe, uchunguzi wa Chuo cha King's, London, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba watu walioona au kusikia ndege walijihisi vyema kwa muda wa hadi saa 8, wakiwemo wenye maradhi ya huzuni. Hiyo haimaanishi uache dawa zako.

Waulize manahodha gatini saa ya maji kupwa, kwani husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Kupwa kukiangukia adhuhuri, ahirisha. Chukua kofia na maji ya kunywa. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu humfanya mtu akojoe sana, na mwili wake hukauka upesi juani. Ikiwa unazitumia, zungumza na daktari kwanza. Tembea juu ya ardhi ngumu. Matope ya mikokoni humeza mguu hadi gotini, na maji yakianza kujaa hayakungoji.

Usiwakaribie ndege mno, wala usiwaache watoto wawafukuze. Ifikapo Machi na Aprili wanajaza mafuta mwilini kwa safari ya kurudi kuzaliana, na kila wanaporushwa bure huyapoteza. Maji yakijaa hujikusanya mahali pakavu wapumzike. Hapo hasa waache. Kwa mbali, darubini ndogo ya kuazima yatosha.

Ukikuta ndege aliyekufa au anayeyumbayumba, usimguse wala usimpeleke jikoni, kwa kuwa homa ya mafua ya ndege huweza kumwambukiza binadamu. Mwarifu afisa wa mifugo, hasa ukiona wamekufa wengi mahali pamoja.