Je, Wajua? Kwa Mtumbwi Hadi Mlango wa Sabaki

Maji yanayopita chini ya daraja la Sabaki, kaskazini mwa Malindi, mengine yametoka karibu na Nairobi. Huko mto huitwa Athi. Ukishapokea maji ya mto Tsavo huwa Galana, hujibana kwa kishindo kwenye miamba ya Maporomoko ya Lugard, kisha huingia Bahari ya Hindi kama Sabaki, baada ya safari ya kilomita 390 hivi.

Kwa mwenye mtumbwi na hema, kipande kitamu ni cha mwisho, kutoka darajani hadi mlangoni. Ratiba ianze na mwezi: siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana na mtumbwi hukwama kwenye mafungu ya mchanga.

Viboko wapo, na mamba pia. Mchana kiboko huonyesha macho, masikio na pua tu. Usiku hupanda ukingoni kula nyasi, akifuata mapito yaleyale. Penye nyasi zilizolazwa na nyayo pana za vidole vinne, hema lisipigwe hata pawe pazuri vipi. Mwenyeji anayeujua mto ni wa lazima.

Mlangoni, tope jekundu hukutana na chumvi, na ndege hufurika: membe, vitwitwi wa pwani na, baadhi ya miezi, heroe kwa mamia.

Ndoana nayo ina mipaka. Kusini mwa mji, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968, uvuvi hauruhusiwi.