Artemisia: chai ya Wachina na minyoo ya Maniema

Wandugu, kuko watu wengi huku Kasongo na Kabambare wanaotuomba sisi wa agronomia mbegu za artemisia "juu ya minyoo ya tumbo". Ni vizuri tuelewane kwanza: mmea gani, na minyoo gani.

Artemisia annua ni mmea wa China, kwao unaitwa qinghao. Katika karne ya 4, mganga Ge Hong aliandika namna ya kuutumia kwa homa: chukua konzi moja, loweka ndani ya maji, kamua, kunywa ile maji. Angalia, hakusema uchemshe! Zaidi ya miaka 1,600 baadaye, Bibi Tu Youyou alisoma maneno hayo, akafikiri moto ndio unaharibu dawa, akatumia njia isiyo na moto mkali. Mwaka 1972 timu yake ikapata artemisinini, na 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Hiyo ilikuwa kwa malaria.

Minyoo iliingiaje? Wachina haohao waliona kwamba dawa zinazotoka kwa artemisinini, kama artemeteri, zinaua mdudu wa kichocho (bilharzia) akiwa bado mchanga. Praziquantel yenyewe inaua wale wakubwa, wachanga wanaiponyoka. Basi hizo mbili zinasaidiana. Lakini kumbuka, mdudu wa kichocho cha tumbo haishi ndani ya chakula kama mchango. Anakaa ndani ya mishipa ya damu ya utumbo, mayai yake ndiyo yanatoka na choo. Ndiyo maana mama anampa mtoto mebendazole mara tatu na damu kwenye choo haikomi. Si dawa mbaya, ni ya mdudu mwingine.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2018 jarida Phytomedicine lilitoa utafiti uliofanywa hapa Maniema: wagonjwa 800 wa kichocho, 400 walipewa praziquantel, 200 chai ya Artemisia annua, 200 chai ya Artemisia afra, lita moja kwa siku, siku 7. Watafiti walisema chai haikushindwa na praziquantel. Habari hiyo ilitembea haraka kuliko pikipiki ya Kindu. Ila wanasayansi wengine waliupinga sana, upande wa ruhusa ya maadili na upande wa hesabu. Mimi kuko kitu kingine kinanisumbua: Artemisia afra karibu haina artemisinini kabisa. Kama mimea yote miwili iliponya sawasawa, basi nini hasa kiliponya? Mpaka jambo hilo lielezwe, siwezi kumwambia mtu aache kidonge.

Na hapa agronomia iko na neno lake. Artemisia annua inatoa maua siku zikiwa fupi. Huku karibu na ikweta siku ni masaa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo mbegu isiyochaguliwa inatoa maua mapema, ingali fupi, majani kidogo. Kuko aina zenye artemisinini zaidi ya 1% ya majani makavu, na zingine ziko karibu na sifuri. Gramu 10 za majani zinaweza kuwa na miligramu 100, ao 10, ao chini. Kwa jicho huwezi kujua, na maji ya moto hayatoi yote. Ndiyo sababu OMS haikubali chai hiyo kwa malaria: dozi ndogo inaweza kumzoeza mdudu, na kwa jirani zetu Rwanda vimelea vinavyostahimili artemisinini vimeshaonekana.

Kwa hiyo anayeniomba mbegu namuuliza kwanza kama amepima choo. Mayai ya kichocho yanaonekana kwa mikroskopu ya kawaida. Praziquantel ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili: mtu wa kilo 60 anameza vidonge 4 vya miligramu 600, akiwa amekula. Mtoto apimwe kilo, asikadiriwe kwa macho. Na akirudi kufua ao kuoga kwenye maji yaleyale yenye konokono, ataambukizwa tena, hata kama alikunywa nini.