Tumbo, Chapati na Jibu la "Ni Gesi Tu"

Watoto waliokuwa wakiletwa kwa Dk. Sidney Haas mjini New York miaka ya 1920 walikuwa na matumbo yaliyovimba, mikono iliyokonda na kuharisha kusikokoma. Wengi wenye ugonjwa huo hawakuwa wakifika ukubwani. Mwaka 1924 Haas alitangaza kwamba amepata njia ya kuwaokoa: aliwalisha ndizi mbivu, nyingi kila siku, na kuwakataza mkate, biskuti na viazi. Watoto wakaanza kunenepa. Sifa za ndizi zikaenea Marekani, na kwa miaka mingi madaktari wakaziandika kama dawa.

Haas alipata tiba bila kujua sababu. Kilichowaponya watoto ni kukatazwa mkate, lakini ndizi ndizo zikapewa sifa. Ndiyo maana baadhi yao, walipotangazwa kuwa wamepona na kurudishiwa mkate, waliugua upya.

Jibu lenyewe lilitoka Uholanzi, na lilianzia kwa mama mmoja. Miaka ya 1930 mama huyo alimweleza Dk. Willem Karel Dicke, daktari wa watoto mjini The Hague, kwamba vipele vya mwanawe, aliyekuwa na maradhi hayo, hupungua haraka kila anapoacha kumpa mkate. Dicke hakumpuuza, alianza kufuatilia. Kisha ikaja njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati Uholanzi ilikuwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani. Mkate uliadimika, watu wakala hata vitunguu vya maua ya tulipu, lakini watoto wenye maradhi hayo wakapata nafuu ya ajabu. Misaada ya mkate ilipofika, wakarudia kuharisha. Mwaka 1950 Dicke aliwasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Utrecht, na ngano ikatajwa rasmi kuwa chanzo.

Ugonjwa huo unaitwa seliaki. Unasababishwa na gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Kwa mwenye seliaki, kinga ya mwili huiona gluteni kama adui, na katika kupambana nayo hushambulia ukuta wa utumbo mwembamba. Ukuta huo umejaa vinyama vidogo vilivyosimama kama vidole, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula. Vikiharibika hulala, na mtu anaweza kula akashiba huku mwili ukikosa madini ya chuma, asidi ya foliki na kalisi.

Lakini vipo vyakula vingi visivyo na gluteni. Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera nchini Tanzania, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012 na kuweka makao makuu yake Rubwera, ni nchi ya migomba. Sufuria ya ebitoke, yaani ndizi, zilizopikwa na maharage haina gluteni hata chembe. Muhogo, viazi vitamu, magimbi, mahindi na mchele navyo havina. Hata mtama unaotiwa kwenye rubisi, pombe ya ndizi, hauna. Kwa vizazi vingi tumbo la Mnyambo, mwenyeji wa huku, lilikutana na ngano kwa nadra.

Siku hizi ngano inamsubiri barabarani. Alfajiri, kwenye vibanda vya Rubwera, Kayanga na Omurushaka, mpishi wa chapati hukanda unga, huugawa madonge, kisha husukuma donge mpaka liwe jembamba bila kukatika. Mvutiko ule ni kazi ya gluteni. Akijaribu kufanya vile kwa unga wa muhogo au wa mahindi, donge litapasuka mikononi. Maandazi, mkate, sambusa na tambi vimeingia majumbani, shuleni na kwenye sherehe, na pamoja navyo wamejitokeza watu wanaosema kwamba kila wakila chapati tumbo hujaa, hunguruma na kuwapeleka chooni mbio.

Mtu wa namna hiyo akienda zahanati, safari yake hufuata njia iliyozoeleka. Choo kinapimwa, anaambiwa ana amiba, anapewa metronidazo. Baada ya mwezi anarudi. Damu inapimwa kwa kipimo cha Widal, anaambiwa ana taifodi, anapewa antibayotiki, ingawa kipimo hicho kinajulikana kwa kutoa majibu ya uongo, hasa kwa mtu aliyewahi kuugua au kukutana na vijidudu vinavyofanana. Safari ya tatu ni vidonda vya tumbo, na omeprazo. Akirudi mara ya nne na kuuliza kama chapati inaweza kuwa ndiyo shida, huenda akajibiwa, "Mama, hizo ni gesi tu. Punguza mawazo."

Jibu hilo linaumiza, ila si kila anayelitoa ana dharau. Tabibu wa zahanati ana foleni ndefu mlangoni na vipimo vichache mezani. Anajua kwamba katika Kanda ya Ziwa minyoo, giadia, kichocho, vijidudu vya tumbo viitwavyo H. pylori, virusi vya Ukimwi na kifua kikuu vyote vinaweza kuleta maumivu ya tumbo, kuharisha au kukonda, na kwamba hayo ndiyo anayokutana nayo kila wiki. Seliaki aliisoma chuoni kama ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba ugonjwa huu unahitaji vinasaba maalumu, HLA-DQ2 au HLA-DQ8, ambavyo katika jamii nyingi za kusini mwa Sahara havipatikani kwa wingi kama Ulaya.

Lakini kuwa nadra hakuna maana kwamba haupo. Uchambuzi wa tafiti za dunia nzima uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba watu 7 kati ya 1,000 wana seliaki iliyothibitishwa kwa kupima kipande cha nyama ya utumbo. Na Afrika haikusalimika: utafiti wa mwaka 1999 kwa watoto wa Kisahrawi, jamii ya Sahara Magharibi, ulikuta karibu asilimia 6 wanao, kiwango kinachopita kile cha Ulaya.

Wala kupuuzwa si shida ya hospitali za vijijini peke yake. Nchini Kanada, ambako maabara ziko karibu na madaktari bingwa wapo, uchunguzi wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa watu wazima wenye seliaki walikaa na dalili kwa wastani wa karibu miaka 12 kabla ya kuambiwa wanaumwa nini. Sababu mojawapo ni kwamba seliaki haijitangazi. Mmoja huharisha, mwingine hufunga choo. Mwingine hana shida ya tumbo kabisa ila damu yake haipandi licha ya vidonge vya madini ya chuma, ana vidonda vya mdomoni vinavyojirudia, au vipele vya malengelenge vinavyowasha viwikoni na magotini.

Upande wa pili wa sarafu ni kwamba mgonjwa naye anaweza kukosea mshtakiwa. Tuchukue kifungua kinywa cha kawaida Kyerwa: chai ya maziwa, chapati mbili na maharage. Tumbo likijaa saa mbili baadaye, nani alaumiwe?

Maziwa ni mtuhumiwa wa kwanza. Watu wazima wengi duniani hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudani. Waligundua kwamba jamii za wafugaji wa ukanda huu zina mabadiliko ya vinasaba yanayowaruhusu kunywa maziwa ukubwani, tofauti na yale ya Wazungu. Asiye na mabadiliko hayo akinywa maziwa huweza kujaa gesi na kuharisha, dalili zilezile anazodhani ni za ngano. Maharage nayo yana sukari ambazo utumbo wa binadamu hauwezi kuzivunja. Bakteria huzichachusha na kutoa gesi.

Hata ngano yenyewe ikiwa na hatia, huenda gluteni haina. Mjini Oslo, watafiti walichukua watu 59 waliokuwa wameacha ngano kwa hiari yao bila kuwa na seliaki. Waliwapa vyakula vinavyofanana, vingine vikiwa na gluteni, vingine na fruktani, vingine havina chochote, bila wao kujua kipi ni kipi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa fruktani ndiyo iliyowasumbua zaidi. Hiyo ni aina ya wanga iliyomo katika ngano, na pia katika vitunguu maji na vitunguu saumu. Maumivu ya watu hao yalikuwa ya kweli. Walichokosea ni jina la mkosaji.

Kwa hiyo anayetafuta jibu anahitaji mpangilio, na kosa kubwa kuliko yote ni kuacha ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu cha seliaki hutafuta kingamwili aina ya tTG-IgA, na hizo hushuka mtu akiacha gluteni. Aliyekwisha kuacha hushauriwa, chini ya uangalizi wa daktari, kurudia kula ngano katika mlo zaidi ya mmoja kila siku kwa angalau wiki 6 ndipo apimwe. Kiasi cha IgA yote mwilini nacho hupimwa, kwa sababu baadhi ya watu wana upungufu wake na kipimo cha kwanza huwadanganya.

Hatua za awali hazigharimu kitu. Daftari la shule linatosha: tarehe, chakula, saa kilipoliwa, dalili na saa zilipoanza. Maziwa yanaweza kuachwa kwa wiki mbili bila kuharibu kipimo cha seliaki. Tumbo likitulia, huenda jibu limepatikana karibu na nyumbani. Daftari hilo pia hubadili mazungumzo hospitalini. Badala ya kusema "tumbo linanisumbua," mgonjwa anaweza kusema, "Daktari, nimetibiwa amiba na taifodi, sijapona. Damu yangu iko chini. Naomba nipimwe seliaki, na kama hapa hakuna kipimo, naomba barua ya rufaa." Akikataliwa bila maelezo, ana haki ya kumwona Mganga Mfawidhi wa kituo.

Njia ya rufaa ni ndefu. Kutoka zahanati mtu hupanda kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya au Nyakahanga ya Kanisa la Kilutheri kule Karagwe, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, na mwisho Bugando, Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Kwenye hospitali kubwa kama hiyo, daktari huingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, akachukua vipande vidogo vya nyama, angalau vinne, vikasomwe chini ya hadubini. Katika nchi za joto jibu la vipande hivyo peke yake halitoshi, maana giadia na maambukizi ya muda mrefu nayo huweza kulaza ukuta wa utumbo. Majibu ya vipande hivyo na ya damu husomwa pamoja.

Urefu wa njia hiyo ndio unaowapa soko wenye mashine za "kupima mwili mzima," ambako mtu hushikishwa kifaa mkononi, akapewa orodha ya maradhi na, papo hapo, orodha ya virutubisho vya kununua. Hakuna kifaa cha kushika mkononi kinachoweza kuona seliaki. Hata watu mashuhuri hupitia vipimo vya ajabu: mchezaji wa tenisi Novak Djokovic amesimulia kwamba alishikilia kipande cha mkate juu ya tumbo lake na mkono wake ukapimwa nguvu. Kuacha gluteni kulimfaa, lakini kipimo kile hakina msingi wa kisayansi.

Zipo dalili zisizosubiri daftari: damu kwenye choo, kukonda bila sababu, homa zisizoisha, kuharisha kunakomwamsha mtu usiku, au mtoto asiyekua. Hizo ni za kwenda hospitali mara moja.

Seliaki ikithibitishwa, dawa yake ni kuacha gluteni maisha yote, na hapo Kyerwa ina nafuu ambayo miji ya Ulaya haina. Huko mkate usio na gluteni huuzwa ghali. Hapa mkungu wa ndizi uko nyuma ya nyumba. Mitego iko kwingine. Unga wa uji wa lishe mara nyingi huchanganywa na ngano, kwa hiyo ni salama zaidi kujichanganyia mwenyewe ulezi, mahindi, soya na karanga. Mashine iliyosaga ngano huacha vumbi lake kwenye unga wa muhogo unaofuata. Ndizi zilizokaangwa katika mafuta ya maandazi zimeshagusa ngano. Bia nyingi za kiwandani hutengenezwa kwa shayiri.

Damu hupimwa tena baada ya miezi 6 hadi 12 kuona kama kingamwili zimeshuka. Wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja na mgonjwa nao hushauriwa kupimwa, hata kama hawaumwi, kwa kuwa tafiti zimekuta seliaki kwa asilimia 7 hivi ya jamaa wa karibu kiasi hicho.