Safari ya Jangwani na Watoto: Hesabu Maji Kabla ya Vivutio



Familia zetu siku hizi zimetawanyika. Wapo ndugu walioko San Diego, wapo Phoenix, wapo Los Angeles, na wapo wazee wanaopanda ndege kwenda kuwaona watoto na wajukuu wao huko. Mgeni akishapumzika, jambo linalofuata ni kumtembeza. Na upande ule wa Marekani matembezi ya karibu ni ya jangwani: siku tatu ndani ya gari, baba kwenye usukani, watoto na bibi nyuma, kwenda kuziona hifadhi za taifa za Joshua Tree na Death Valley katika jimbo la California. Hifadhi zote mbili zilipewa hadhi hiyo kwa sheria moja ya mwaka 1994. Kutazama alivyoumba Allah (S.W.) ni jambo jema lenye mazingatio. Lakini safari hii haipangwi kama tunavyopanga ya kwenda Bagamoyo au Malindi.

Sisi watu wa mwambao tunajiona tunalijua joto. Joto letu ni la jasho. Nyuzi 33 za Dar es Salaam au Mombasa zinakulowesha shati, zinakukera, na mwili wenyewe unadai maji. Jangwani hewa ni kavu, na jasho hukauka kabla hujaliona. Mtoto ana uso mkavu, anacheza, mama anasema huyu hajambo, kumbe amekwisha kupoteza maji mengi. Hapo ndipo wageni wengi wanapodanganyika, na mtu aliyezoea jua la kwetu anaweza kudanganyika kuliko Mzungu, kwa sababu yeye haogopi.

Jina la Death Valley maana yake ni Bonde la Mauti. Walilipa jina hilo watafuta dhahabu waliopita hapo kwa taabu majira ya baridi ya 1849 kuingia 1850. Sehemu yake ya chini kabisa, panapoitwa Badwater, iko mita 86 chini ya usawa wa bahari. Tarehe 10 Julai 1913, katika eneo la Furnace Creek, kipimo kilisoma nyuzi 56.7 za Selsiasi, na rekodi hiyo ndiyo inayotambuliwa kuwa ya juu kuliko zote duniani. Mvua ya mwaka mzima hapo ni kama milimita 50 tu.

Hayo si mambo ya zamani pekee. Julai 2024 mwendesha pikipiki mmoja alifariki kwa joto hifadhini siku ambayo kipimo kilifika nyuzi 53. Mwezi huo huo mtalii kutoka Ubelgiji alipoteza kandambili zake kwenye vilima vya mchanga, akatembea peku kidogo, na nyayo zake zikaungua vibaya sana. Katika matukio yote mawili helikopta ya uokoaji ilishindwa kufika, kwa sababu hewa ikiwa moto kupita kiasi huwa nyepesi na helikopta haipati nguvu ya kujiinua. Kwa hiyo usiseme moyoni kwamba likitokea la kutokea tutapiga simu. Sehemu kubwa ya hifadhi hizi haina hata mtandao wa simu.

Lini twende?

Wakati mzuri ni kuanzia Novemba hadi Machi. Tatizo ni kwamba likizo ndefu ya shule kule ni Juni hadi Agosti, na ndiyo miezi ya hatari. Kama watoto hawana nafasi nyingine, rai yangu ni kuliacha bonde lile hadi likizo fupi ya Desemba na kuwapeleka ufukweni kiangazi. Watanung'unika, lakini watakwenda wakiwa salama.

Anayelazimika kwenda wakati wa joto ajue kwamba wasimamizi wa Death Valley wanaonya watu wasitembee kwa miguu sehemu za chini baada ya saa 4 asubuhi (hapa nahesabu saa za Kiswahili, kwenye simu itaandikwa 10). Mara baada ya Sala ya Alfajiri pakieni gari, mfike Badwater jua likiwa changa, mpige picha zenu, na kabla ya saa 4 muwe mnapanda mlimani. Mahali paitwapo Dante's View ni mita 1,669 juu ya usawa wa bahari, na huwa na baridi kuliko bondeni kwa nyuzi 10 au zaidi. Kutoka hapo bibi anaweza kuliona bonde zima bila kutembea hatua mia.

Na majira ya baridi yana adabu yake. Joshua Tree iko juu zaidi, usiku wa Desemba unaweza kuganda, na Maghribi inaingia mapema mno, hata kabla ya saa 11 jioni. Chukueni masweta na mablanketi.

Hesabu ya maji

Hapa tukae kidogo, maana ndipo safari inapopona au kuharibika.

Kipimo kinachopendekezwa ni lita 4 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, na zaidi kwa anayetembea juani. Familia ya watu watano kwa siku tatu ni lita 60. Ongeza maji ya udhu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, yaani mudi, ambacho hakifiki lita moja. Tukikadiria robo tatu ya lita, watu wanne wanaoswali, wakitawadha mara tatu kwa siku, watatumia lita 9, na kwa siku tatu lita 27. Weka lita 10 za rejeta. Jumla inakaribia lita 100. Usiseme ni nyingi. Ni madumu matano ya lita 20, na mnaweza kupunguza kwa kujaza njiani, lakini msiingie hifadhini na dumu moja mkitegemea mbele.

Joshua Tree, pamoja na ukubwa wake wa zaidi ya kilomita za mraba 3,000, haina duka wala petroli ndani, na maji yanapatikana pembezoni tu. Death Valley ina vituo vichache vya mafuta, kikiwemo cha Furnace Creek, na kwenye ofisi ya wageni ya hapo mnaweza kujaza maji. Jazeni tangi kila mnapokuta kituo, hata kama mshale haujafika nusu.

Wengine hukosea upande wa pili: wanakunywa maji matupu kutwa nzima bila kula chochote chenye chumvi. Jasho hutoka na chumvi, na mtu akijaza maji peke yake damu inapungukiwa chumvi, anaumwa kichwa, anatapika, na hata kuchanganyikiwa. Dawa yake mama zetu wanaijua tangu enzi za kutibu kuharisha: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chukueni pakiti za ORS. Karanga za chumvi na tende zinasaidia. Mkojo ndio kipimo: ukiwa wa njano iliyokoza, au mtoto amekaa saa nyingi bila kukojoa, maji hayatoshi.

Sala na tohara njiani

Musafiri ana ruhusa zake na zinafaa kutumika. Kupunguza na kukusanya Sala kunampa dereva nafasi ya kupanga vituo, na Adhuhuri na Alasiri zikiswaliwa pamoja chini ya kivuli, hamtasimama mara mbili juani. Kibla kutoka California ni kaskazini-mashariki, tena kimeelemea kaskazini zaidi. Si mashariki moja kwa moja kama wengi wanavyodhani.

Maji yakiwa ni ya kunywa tu na hakuna mengine, tayamamu ipo kwa ajili ya hali hiyo. Kumnyima mtoto maji ili watu watawadhe si ucha Mungu. Ila kwa sisi wafuasi wa Imamu Shafi, tayamamu ni kwa udongo wenye vumbi, kwa hiyo ile nyeupe iliyotanda Badwater isikuvute: ni chumvi.

Vyoo vingi vya hifadhini ni vya shimo na havina maji. Wekeni kopo na chupa yake maalumu kwa istinjai, isichanganywe na za kunywa, na muandike juu yake. Karatasi kavu inatosha maji yakiadimika, kwa masharti yake yanayojulikana, na mikono isafishwe kwa sabuni au dawa ya mikono kabla ya kugusa chakula. Aliyebanwa mbali na choo afukie kinyesi shimo la kina cha sentimita 15 hivi, na karatasi arudi nayo kwenye mfuko. Jangwani haiozi upesi.

Kuhusu chakula, pilau la jana usiku liacheni nyumbani. Kwenye joto linalozidi nyuzi 32 chakula kilichopikwa kisikae nje ya baridi zaidi ya saa moja. Mtoto akianza kutapika na kuharisha jangwani, hesabu yote ya maji imevurugika. Deli lenye barafu libebe nyama na maziwa. Mengine yawe mikate, matunda, tende na karanga.

Watoto, wazee na wagonjwa

Gari lililofungwa vioo hupanda kama nyuzi 10 kwa dakika 10 za kwanza, na mwili wa mtoto hupata moto upesi kuliko wa mtu mzima mara 3 hadi 5. Marekani kila mwaka watoto zaidi ya 30, kwa wastani, hufa ndani ya magari kwa joto. Kwa hiyo hakuna "nashuka mara moja tu, mwache alale". Mkishuka, shukeni wote.

Bibi mwenye kisukari asiiache insulini kwenye gari. Iwekwe kwenye deli, ila isigusane na barafu, kwani ikiganda imeharibika. Mwenye dawa za presha zinazoongeza mkojo amwone daktari wake kabla ya safari. Mjamzito katika miezi ya joto abaki.

Nguo ziwe pana na nyepesi. Kanzu na baibui la kitambaa chepesi vinakinga jua kuliko fulana. Viatu viwe vya kufunga.

Sasa zijue dalili. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza: mpeleke kivulini, mlaze, miguu juu, anywe kidogo kidogo. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au kupepesuka, au kuzimia, huo ni kiharusi cha joto, mwili umefika nyuzi 40 na zaidi, na dakika zinahesabika. Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, wekeni barafu shingoni, kwapani na kwenye mapaja kwa juu. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Maji yote ya udhu yatumike hapo kama ni lazima. Mmoja atafute msaada kwa namba 911 au gari la kwanza litakalopita.

Barabara

Mwezi Julai 1996 familia ya watalii wanne kutoka Ujerumani, wawili wakiwa watoto, iliingia njia ya mawe isiyofaa kwa gari lao la kukodi. Gari lilikutwa Oktoba matairi yameisha upepo. Mifupa ya watu wazima ilionekana mwaka 2009. Na Agosti ya mwaka huo huo wa 2009 mama mmoja aliifuata ramani ya kifaa cha gari hadi njia ya vumbi, gari likazama mchangani, na alipokutwa baada ya siku kadhaa, mwanawe mdogo alikuwa ameshafariki.

Basi msitoke barabara ya lami. Ramani ya simu ipakuliwe kabla, na ya karatasi iwemo pia. Mwachieni ndugu mjini maandishi: tunalala wapi, tunarudi saa ngapi, na nani wa kupigiwa tusipofika. Gari likiharibika kaeni nalo, fungueni boneti, tafuteni kivuli chake. Gari huonekana kutoka mbali kuliko mtu.

Mkiona mawingu meusi milimani msivuke korongo. Tarehe 5 Agosti 2022 mvua ya saa chache iliwafungia Death Valley watu wapatao 1,000, na magari yakazikwa na kifusi. Agosti 2023 mabaki ya kimbunga Hilary yaliifunga hifadhi hadi katikati ya Oktoba. Siku moja kabla ya kuondoka ulizieni ofisi ya hifadhi hali ya barabara.

Mpangilio wangu kwa wanaotoka Los Angeles ni huu: siku ya kwanza Joshua Tree, mlale mji wa Twentynine Palms ulio mlangoni. Siku ya pili ni ya gari tu, saa nne hadi tano bila kuhesabu vituo, mfike Furnace Creek kabla ya Maghribi. Siku ya tatu Badwater alfajiri, Dante's View, kisha nyumbani. Kama bibi amechoka siku ya pili, rudini kutoka Joshua Tree. Death Valley itakuwepo Desemba ijayo.