Binti Anapochagua Lugha za Watu wa Kale

Wazazi wengi tuna orodha fupi ya masomo tunayoyaelewa: udaktari, uhandisi, ualimu, sheria, uhasibu. Mtoto akitaja somo lililo nje ya orodha hiyo, swali letu la kwanza huwa lile lile: "Na hilo litakupa kazi gani?" Si swali baya. Anayeuliza ndiye anayelipa karo, naye anajua jasho lililotoka. Ila tukilitupa swali hilo kabla ya kusikiliza, tunaweza kumfungia mtoto mlango ambao sisi wenyewe hatujawahi kuchungulia ndani yake.

Mwezi huu tumeona vema tuzungumzie somo moja ambalo kwa wasomaji wengi litakuwa geni: utamaduni wa Waselti na Waanglosaksoni, likisomwa chuo kikuu pamoja na Kifaransa. Akina mama wa kwetu wanaolea watoto Uingereza wanaweza kulikuta katika vitabu vya maelezo ya vyuo. Na hata sisi tulio mbali tuna jambo la kujifunza humo, maana kiini chake ni lugha, na lugha huanzia kwa mama.

HAO NI AKINA NANI?

Waselti ni jina la jumla la watu wa kale wa Ulaya waliosema lugha za ukoo mmoja. Lugha zao zilizobaki leo ni Kiayalandi, Kigaeli cha Uskoti, Kiwelshi cha Wales, na Kibretoni kinachosemwa Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Waanglosaksoni walivuka bahari kutoka pande za Ujerumani ya kaskazini na Denmark kuanzia karne ya 5, wakakaa katika nchi iliyokuja kuitwa Uingereza. Lugha yao ndiyo mama wa Kiingereza cha leo.

Kisha mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka kutoka Ufaransa akaiteka Uingereza. Kwa muda mrefu baada ya hapo, wakuu wa nchi walisema Kifaransa, watu wa kawaida Kiingereza, na viongozi wa dini waliandika Kilatini. Waselti nao walikuwa bado wako magharibi na kaskazini na lugha zao.

Hapo ndipo msomaji anapoona kwa nini masomo haya matatu yanakaa chungu kimoja. Anayejua Kifaransa peke yake anaona upande mmoja tu wa habari. Anayejua na zile nyingine anaona jinsi watu walivyopigana, walivyooana, walivyofundishana na kuazimana maneno.

Ushahidi tunaupata hata jikoni. Kiingereza humwita ng'ombe aliye hai "cow", neno la Kianglosaksoni. Akishachinjwa na kuletwa mezani anaitwa "beef", neno lililotoka katika Kifaransa. Kondoo ni "sheep", nyama yake ni "mutton". Nguruwe ni "pig", nyama yake ni "pork". Tofauti hiyo haikuja siku moja, ilijijenga kwa karne kadhaa. Sisi tusemao Kiswahili hatushangai: kitabu tulikipata kwa Waarabu, meza kwa Wareno, baiskeli kwa Waingereza, na bado sarufi yetu ni ya Kibantu. Vivyo hivyo Kiingereza kilipokea maneno mengi ya Kifaransa bila kuacha mifupa yake ya Kianglosaksoni.

WANASOMA NINI HASA?

Chuo Kikuu cha Cambridge kina idara nzima inayoshughulikia Waanglosaksoni, Wanorsi wa kaskazini na Waselti. Huko Uskoti, Chuo Kikuu cha Aberdeen, kilichoanzishwa mwaka 1495 na Askofu William Elphinstone, ni miongoni mwa vyuo vilivyofundisha somo la Waselti na Waanglosaksoni na kuruhusu mwanafunzi aliunganishe na Kifaransa. Shahada ya kwanza huko Uskoti huchukua miaka 4. Mwenye kusoma lugha ya kigeni mara nyingi hufikisha 5, kwa sababu mwaka mmoja huenda kuishi mahali lugha hiyo inaposemwa.

Upande wa Kifaransa mwanafunzi huandika, huzungumza, hutafsiri na kusoma vitabu. Mwaka wa ugenini anaweza kuwa mwanafunzi katika chuo cha Ufaransa, au msaidizi wa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya huko. Akipelekwa Rennes au Brest, anajikuta Bretagne, ambako vyuo vikuu hufundisha pia Kibretoni. Basi masomo yake mawili yanakutana katika mji mmoja.

Upande wa pili hujifunza historia, sheria za kale, hadithi, na maandishi ya mkono juu ya ngozi za wanyama. Hujifunza pia majina ya mahali. Jina Aberdeen linaanza na "aber", neno la kale la Kiselti lenye maana ya mahali mto unapomwaga maji yake. Neno hilo hilo liko katika Aberystwyth huko Wales, na katika Aber-Wrac'h huko Bretagne. Watu wametawanyika, bahari imewatenganisha, lakini jina la mto bado linawaita ndugu.

WANAWAKE WALIOMO NDANI YAKE

Jambo lililotufurahisha zaidi ni kuwakuta akina mama wengi katika habari hizi za kale.

Yupo Bertha, binti wa mfalme wa Wafranki aliyetawala Paris. Aliolewa na Æthelberht, mfalme wa Kent, ambaye hakuwa Mkristo. Akaja na askofu wake kutoka kwao, akawa anasali katika kanisa la Mtakatifu Martin huko Canterbury. Mmisionari Augustino alipofika kutoka Roma mwaka 597, alikuta tayari kuna mke anayesali katika nyumba ya mfalme. Kanisa hilo linatumika hadi leo.

Yupo Hilda, mama mkuu wa monasteri ya Whitby, aliyewaongoza watawa wa kiume na wa kike pamoja. Mwaka 664 mkutano mkubwa ulifanyika kwake, kuamua kama Pasaka ihesabiwe kwa desturi ya Waayalandi au ya Roma. Bede, mtawa aliyeandika historia ya kanisa la Waingereza na kuimaliza mwaka 731, anasema kwamba wote waliomfahamu Hilda walimwita mama. Watu watano waliosoma chini yake walipata kuwa maaskofu. Ni katika monasteri hiyo pia mchunga ng'ombe Caedmon alipotiwa moyo kutunga nyimbo za dini katika lugha yake mwenyewe.

Bede huyo huyo anatupa picha ya mfalme Oswald wa Northumbria. Mwaka 635 alimwalika Aidan, mtawa kutoka kisiwa cha Iona, aje kuhubiri. Aidan alisema Kiayalandi na hakukijua vizuri Kiingereza. Oswald alikuwa amejifunza Kiayalandi alipokuwa ukimbizini. Basi mfalme mwenyewe alisimama mbele ya wakuu wake akawa mkalimani wa mmisionari. Ukimbizi ulimpa lugha, na lugha ikawa daraja. Wangapi kwetu wamepitia njia kama hiyo?

Halafu yupo mwanamke tunayemjua kwa jina la Marie de France, aliyeandika katika karne ya 12. Aliandika kwa Kifaransa, lakini hadithi zake alizipata katika masimulizi ya Wabretoni, na Kiingereza pia alikijua. Katika hadithi moja anamtaja ndege mdogo aimbaye usiku, na jina la ndege huyo analitoa kwa lugha tatu: Kibretoni, Kifaransa na Kiingereza. Miaka zaidi ya 800 imepita, na kile ambacho chuo hufundisha kama masomo mawili kilikuwa kimekaa kichwani mwa mama mmoja.

LUGHA HUFIA NYUMBANI

Sasa tufike mahali penye uchungu. Kibretoni, ambacho karibu mwaka 1950 kilikuwa na wasemaji kama milioni moja, kimebaki na sehemu ndogo tu ya hao, na wengi wao ni wazee. Hakuna aliyewaua wasemaji. Kilichotokea ni kwamba watoto hawakufundishwa.

Katika shule nyingi za Bretagne, hadi karne ya 20, mtoto aliyesikika akisema lugha ya kwao alitundikwa kitu shingoni, pengine kiatu cha mti, akabaki nacho mpaka amkamate mwenzake kwa kosa lile lile. Wales nako, katika karne ya 19, kulikuwa na kibao cha namna hiyo. Wasomaji wetu waliosoma Kenya hawahitaji kuelezwa. Wengi wanakijua kibao hicho kwa jina lao. Mtoto anayeaibishwa hivyo hukua akijiambia kwamba wanawe hawatapata aibu ile. Baada ya vita kuu ya pili, akina mama wengi wa Bretagne waliamua kusema na watoto wao Kifaransa tu. Hawakufanya hivyo kwa ubaya. Waliwatakia kazi na heshima. Lakini bibi na mjukuu wakajikuta wameketi meza moja bila kuelewana.

Mwaka 1977 wazazi wenye uchungu walianzisha shule za Diwan, ambamo watoto hufundishwa kwa Kibretoni. Ni kazi ngumu kurudisha kilichokwisha kumwagika. Kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ayalandi, kilimzika mtu wa mwisho aliyekulia katika lugha ya huko, Ned Maddrell, mwaka 1974. Leo wako watoto wanaojifunza tena lugha hiyo, na wanaweza kufanya hivyo kwa sababu wasomi waliwahi kwenda kwa wazee kama yeye wakarekodi sauti zao.

Hapo tunapata jibu moja kwa mzazi anayeuliza faida. Mtu anayejua kusoma maandishi ya kale na kusikiliza wazee ndiye anayehifadhi kile ambacho jirani zake wanakitupa.

NA KAZI JE?

Tuseme ukweli. Somo hili halina kazi yake maalumu kama uuguzi ulivyo nayo. Mhitimu hatakuta tangazo gazetini linalomtaka mtaalamu wa Waanglosaksoni. Lakini ana Kifaransa fasaha, amezoea kupima ushahidi, na anaweza kuandika jambo gumu likaeleweka. Wenye elimu hiyo huenda kwenye ualimu wa lugha, ukalimani, makumbusho, maktaba, hifadhi za nyaraka, uchapishaji wa vitabu, utalii na utumishi wa serikali. Uskoti ina hata televisheni ya Kigaeli, BBC Alba, iliyoanza mwaka 2008.

Hata hivyo hatari ipo, na mzazi aijue. Masomo ya lugha yanapungukiwa wanafunzi, na vyuo vinapokosa fedha huyatazama kwanza. Mwishoni mwa mwaka 2023 uongozi wa Aberdeen wenyewe ulipeleka mbele mapendekezo ya kupunguza shahada za lugha, kikiwemo Kifaransa na Kigaeli, na wanafunzi na walimu wakapinga vikali. Kwa hiyo kabla ya kukubali, tunamshauri mzazi aketi na mtoto wake waulize mambo haya:

Kwanza, kozi hiyo bado inapokea wanafunzi mwaka huu, na chuo kimeahidi kuwafikisha mwisho wale watakaoanza?

Pili, mwaka wa ugenini utagharimu kiasi gani? Tangu Uingereza ijitoe katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, raia wake anayekwenda Ufaransa kwa zaidi ya siku 90 anahitaji viza. Mwenye pasi ya nchi nyingine aulize masharti yake mapema.

Tatu, karo itakuwa ya mwenyeji au ya mgeni? Uskoti haiwatozi wenyeji wake karo ya shahada ya kwanza, lakini mgeni hulipa nyingi.

Nne, na hili ndilo kubwa, mtoto analipenda somo lenyewe? Lugha ya kale haina njia ya mkato. Atakayelisoma kwa sababu limesikika la kifahari, atachoka kabla ya mwaka wa pili.

Alfredi, mfalme wa Waanglosaksoni katika karne ya 9, inasimuliwa kwamba alipokuwa mdogo mama yake aliwaonyesha yeye na kaka zake kitabu kizuri cha mashairi ya Kiingereza, akasema kitakuwa cha yule atakayekijua kwanza. Alfredi akakichukua, akaenda kwa mwalimu, akarudi anakijua. Alipokuwa mtu mzima aliongoza kazi ya kutafsiri vitabu vya Kilatini ili watu wake wavielewe.

Akina mama wapendwa, si lazima tuwe na kitabu cha thamani nyumbani. Jioni hii tunaweza kumwita mtoto aketi kwa bibi yake, na kalamu mkononi, aandike methali tatu za kwao na maana zake. Pengine atakua awe mhandisi, na hiyo ni sawa. Pengine ndiye atakayetaka kujua zaidi. Vyovyote iwavyo, maneno ya bibi yatakuwa yameandikwa.