Mahindi Yenye Kuvu: Je, Plazima Baridi Itatuokoa?

Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya lile debe la mahindi lililoko pembeni mwa jiko. Mama anayaangalia, anaona punje kadhaa zimeota kuvu ya kijani. Anazipepeta, anazifuta kwa kitambaa, kisha anasema moyoni, "Yakishasagwa hayatajulikana." Kumbe hapo ndipo hatari inapoanza.

Sumu isiyoonekana

Kuvu hiyo hutengeneza sumu iitwayo sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Ilianza kutafutwa mwaka 1960 huko Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa kwa kulishwa mashudu ya karanga zilizoota kuvu. Haina harufu wala ladha. Ikiliwa kwa wingi huharibu ini na kuua kwa muda mfupi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Nchini Kenya mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na za jirani, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa bado na unyevu. Mwaka 2016 msiba wa namna hiyo ulifika Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Wengi wetu hudhani moto humaliza kila kitu. Hapa sivyo. Maji huchemka kwenye nyuzi joto 100, lakini sumukuvu huhitaji zaidi ya nyuzi 200 ili ivunjike. Ugali usongwe hata saa nzima, sumu itabaki.

Umeme unaosafisha chakula

Ndiyo maana wataalamu wanachunguza njia mpya iitwayo plazima baridi. Tusiichanganye na plazima ya damu tunayoisikia hospitalini. Sote tunajua barafu, maji na mvuke. Plazima ni hali ya nne: gesi ikipigwa na umeme mkali, chembe ndogo ziitwazo elektroni hung'oka na gesi huanza kuwaka mwanga. Radi ni plazima, na mwanga ulio ndani ya zile taa ndefu za mirija pia hutokana na plazima.

Huitwa baridi kwa sababu elektroni peke yake ndizo hupata joto kali, huku gesi yenyewe ikibaki vuguvugu tu. Ndani yake hutokea ozoni na aina nyingine kali za oksijeni na naitrojeni. Hizo hushambulia ngozi ya vijidudu na kuvu, na pia huvunja sumukuvu yenyewe. Chakula hakiivi, wala hakinyunyiziwi dawa. Katika maabara, sumukuvu kwenye mahindi na njugu imepunguzwa kwa kiasi kikubwa katika dakika chache.

Lakini tusishangilie mapema. Plazima hufanya kazi zaidi juu ya ngozi ya punje. Kuvu iliyozama ndani, au iliyo katikati ya gunia, haifikiwi vizuri. Vyakula vyenye mafuta kama karanga vinaweza kuchacha. Tena inahitaji mitambo ya gharama na umeme wa uhakika. Haijawa kitu cha kutegemewa kwenye mashine zetu za kusaga kijijini.

Tufanye nini leo?

Kinga bado iko mikononi mwetu:

1. Tuvune mara mahindi yanapokauka, na tuyaanike juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo mtupu.

2. Tuyapime kwa chumvi. Weka punje na chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu ya kioo, tikisa dakika chache. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishwe juani.

3. Tuyahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta.

4. Tuchambue na kutupa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au kuota kuvu. Kukoboa nako hupunguza sumu. Punje mbovu tusiwape kuku wala ng'ombe, kwa maana sumu hupita hata kwenye maziwa. Wala tusizipikie pombe.

5. Watoto wachanga wapate chanjo ya homa ya ini B, na uji wao usiwe wa mahindi na karanga tu kila siku.

Mtu akipata macho ya manjano, akitapika na tumbo kujaa, awahishwe zahanati au hospitali, na unga aliokula upelekwe pia.

Tunajua kwamba kutupa mahindi wakati wa njaa ni msalaba mzito. Hata hivyo, debe lile tusilipeleke sokoni, wala tusilitie katika kapu la matoleo kwa ajili ya maskini. Tusimpe jirani kile ambacho tusingethubutu kumpa mtoto wetu. Mungu aliyetujalia mavuno atujalie na bidii ya kuyaanika.